Vitu vya Makumbusho na Jiwe la Sericho

Neno makumbusho limetoka katika kumbusha, na kumbusha ni kazi ya mtu aliye hai kwa mwenziwe aliye hai. Kwa hiyo, kwa asili ya lugha yetu, jumba la makumbusho si ghala la vitu vikuukuu, kama wengi wadhanivyo, bali ni mahali ambapo kitu hupewa kinywa kikasema. Nimeanza na neno hili kwa sababu mimi ni mzaliwa wa Sericho, katika nchi ya Waborana wa Waso, na watu wangu hawakuzoea kuweka vitu. Mtu ahamaye hawezi kuwa na ghala. Nyumba yake hufunguliwa, fito na mikeka ikafungwa juu ya ngamia, na kisichobebeka huachwa pale pale mchwa wakila. Tulichoweza kuweka ni maneno. Wazee wetu huhesabu wakati kwa vipindi vya gada, kila kipindi miaka 8, na kila kipindi huitwa kwa jina la kiongozi wake. Mzee mwenye kumbukumbu njema aweza kuyapanga majina hayo kurudi nyuma, karne baada ya karne, asitazame karatasi.

Msomaji asiyeijua Sericho na aitafute upande wa mashariki wa Isiolo, katika tambarare ambako mto wa Ewaso Nyiro umekwisha kuchoka. Mto huu huanza kwa nguvu katika miinuko ya Nyandarua na Mlima Kenya, hupita Samburu kwa fahari, kisha hushuka kwetu ukipungua hatua kwa hatua, hata ukafia katika kinamasi cha Lorian. Nchi yenyewe ni mchanga, vumbi na miiba, na huenda mtu akatembea siku nzima asione jiwe la kutosha kumtupia fisi. Neno hili la mawe nalisema mapema, maana nitalirudia.

Makumbusho ya taifa yaliyo karibu nasi ni ya Meru upande mmoja na ya Wajir upande wa pili, lakini yale niliyoyatembelea kwa makini ni ya Nairobi. Niliyatembelea pamoja na nyanya yangu, ambaye kwetu humwita Akko. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, na daktari alimtaka akae mjini siku kumi kabla ya kusafiri. Mtu aliyekuwa kizani miaka minne na sasa ameona, huyu atapelekwa wapi? Wajukuu wengine walitaka kumwonyesha maduka. Mimi nilisema tumpeleke mahali palipokusanywa vitu vingi zaidi vya kutazamwa.

Jumba lile lina umri mkubwa kuliko Jamhuri. Mwaka 1910 chama cha watu wapendao elimu ya viumbe, wengi wao maofisa na walowezi wa Kiingereza, kilianza kuweka pamoja wadudu, mimea na ngozi za wanyama. Jengo lililo juu ya kilima kile lilifunguliwa mwaka 1930, likapewa jina la gavana Coryndon. Baada ya uhuru likaitwa Makumbusho ya Taifa. Lilifungwa mwaka 2005 kwa matengenezo makubwa, likafunguliwa tena mwaka 2008. Kinachoonekana na mgeni ni sehemu ndogo tu ya mali yake. Nyuma ya milango iliyofungwa mna mimea iliyokaushwa kwa mamia ya maelfu, mna ndege katika madroo, mna mafuvu ya kale yaliyohifadhiwa kama dhahabu ya benki. Wataalamu hutoka nchi za mbali kuja kufungua droo moja tu, wakaitazama juma zima.

Katika ukumbi wa wanyama Akko hakushangaa kama nilivyotazamia. Alimtazama punda milia wa kwetu, yule wa mistari membamba na masikio ya mviringo, ambaye wataalamu wamempa jina la Grévy, aliyekuwa rais wa Ufaransa, kwa kuwa mfalme Menelik wa Uhabeshi alimpelekea mmoja kuwa zawadi. Akko aliuliza kama rais huyo alipata kumchunga. Nilipomwambia hasha, alisema basi jina hilo ni la mkopo. Mbele ya mifupa ya tembo Ahmed, hata hivyo, alisimama muda mrefu. Ahmed aliishi katika msitu wa Marsabit, na pembe zake zilikuwa ndefu hata karibu kugusa ardhi. Rais Jomo Kenyatta alitoa amri tembo huyo alindwe, akawekewa askari wenye bunduki wamfuate aendako, mpaka alipokufa kwa uzee mwaka 1974. Akko aliikumbuka habari ya amri ile. Alisema kwa sauti ya chini, "Tembo alikuwa na askari wa kumlinda. Na sisi tulikuwa na askari wa kutulinda. Lakini askari wake yeye walimwacha atembee." Sikumjibu, kwa sababu nilijua anasema habari gani, na nitaieleza mahali pake.

Tulipita kwa ndege waliopangwa safu kwa safu. Ajabu ni kwamba watu wale wale wapendao ndege waliokufa hupenda zaidi ndege walio hai, maana tangu miaka ya 1970 wapenzi wa ndege wamekuwa wakikutana hapo makumbushoni Jumatano asubuhi, kisha huenda bustanini na misituni kutazama. Wapo pia nyoka, katika bustani yao iliyofunguliwa mwaka 1961. Watoto walijaa huko wakipiga mayowe ya furaha. Akko alikataa kuingia. Alisema nyoka amewaona maisha yake yote bila ya kulipa.

Chumba kilichonishika mimi ni kile cha asili ya binadamu. Humo mna habari za Mvulana wa Turkana, mtoto aliyekufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita karibu na kijito cha Nariokotome, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana. Kwa umri wake alikuwa mrefu, na mifupa yake iliyopatikana ni mingi kuliko ya mtu mwingine ye yote wa kale namna ile. Aliyeuona mfupa wa kwanza, mwaka 1984, hakuwa profesa. Alikuwa Kamoya Kimeu, Mkamba aliyechunga mbuzi utotoni na ambaye masomo yake hayakupita shule ya msingi. Wenzake walikuwa wakipumzika, naye akatembea ng'amboni peke yake akitazama chini, akaona kipande kidogo cha fuvu chenye rangi moja na kokoto zilizokizunguka. Ni nani angekiona? Mchungaji angekiona. Mtu aliyezoea kutafuta unyayo wa mbuzi mmoja katikati ya nyayo mia amekwisha kujifunza nusu ya elimu ile kabla hajaingia darasani. Wanafunzi wa kwetu, ambao huona haya kutaja kwamba walichunga ngamia kabla ya kuvaa sare za shule, nawaomba walitie jina hili kichwani.

Sasa nieleze habari ya chombo. Katika vyombo vya wafugaji, nyuma ya kioo, kulikuwako chombo cha maziwa kilichosukwa, cha namna ya gorfa zetu. Gorfa husukwa na wanawake kwa nyuzi za mizizi, polepole, miezi kadhaa, mpaka msuko ukabana hata tone lisipite. Kisha hufukizwa kwa moshi wa vijiti vya harufu nzuri ili maziwa yakae bila ya kuharibika. Akko aliinama akaweka uso karibu na kioo. Kijana mmoja mwongozaji alikuwa akiwatembeza watoto wa shule, kila mmoja ana karatasi ya maswali mkononi. Alimwona mwanamke mzee ameinama hivyo, akamsalimu kwa adabu, akamwuliza kama anakijua chombo hicho.

"Nakijua," alisema Akko, nami nikafasiri. "Lakini hiki kina kiu."

Watoto walicheka. Kijana hakucheka, akamwomba aeleze. Akko alisema kwamba chombo kilichosukwa ni kama mnyama, hakiwezi kuishi bila ya kulishwa. Kinapotiwa maziwa kila siku nyuzi hunenepa zikashikana. Kikiachwa kitupu hukauka, zikalegea, na siku utakapokitia maziwa tena kitavuja. Mtoto mmoja aliuliza kina harufu gani. Akko alifikiri, akasema, "Harufu ya asubuhi." Mtoto yule aliandika hivyo katika karatasi yake, na sijui mwalimu wake alimpa alama ngapi.

Tulipokaa bustanini Akko alinisimulia lililobaki. Aliolewa karibu na mwanzo wa Uhuru, na mama yake alimsukia gorfa mbili. Kisha ikaja ile miaka ya vita vya shifta, kuanzia 1963 hata 1967, ambayo wazee wa Isiolo huiita gaafa daaba, yaani wakati wa kusimamishwa. Watu waliamriwa wakusanyike mahali pachache chini ya ulinzi, na mtu aliyeonekana nje na mifugo yake aliweza kuhesabiwa kuwa adui. Ng'ombe na ngamia walikufa kwa kukosa malisho na maradhi, na wengine waliuawa. Watu walioingia na mifugo mingi walitoka na fimbo. Zile gorfa mbili hazikuibwa wala hazikuvunjwa. Zilining'inia katika kibanda cha kambini bila ya maziwa mpaka zikalegea. Moja ilitumiwa kuwekea nafaka ya msaada. Ya pili Akko hakumbuki ilikwenda wapi.

Nimesoma habari za vita hivyo katika vitabu, na vitabu vina hesabu na tarehe ambazo Akko hana. Lakini sikupata kuelewa maana ya watu kusimamishwa mpaka nilipomsikia akieleza kwa nini chombo kina kiu. Naona hii ndiyo kazi iliyo bora katika kazi zote za makumbusho, nayo haimo katika kitu peke yake. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, ikawa gereza tangu mwaka 1895, na tangu mwaka 1960 ni makumbusho, ina kuta zinazotosha kumtisha mtu asiyejua lo lote. Zile siwa mbili za Lamu, ya shaba na ya pembe ya ndovu, zinapendeza hata kwa kipofu wa historia. Chombo cha maziwa hakitishi wala hakipendezi sana. Kinangoja mtu akijuaye apite.

Na sasa nirudi kwenye mawe. Nimekwisha kusema kwamba kwetu mawe ni haba. Hata hivyo, kati ya Sericho na Habaswein yalikuwako mawe meusi, mazito kupita kiasi, ambayo wachungaji waliyajua kwa miaka mingi. Watoto walipanda juu yake wakicheza. Mwaka 2016 ndugu wawili waliokuwa wakitafuta ngamia zao waliyatazama kwa jicho jingine, wakahisi kwamba si mawe ya ardhi. Kweli hayakuwa. Yalikuwa vimondo, vipande vya mwamba mmoja uliotoka mbinguni ukapasuka na kutawanyika katika ukanda wa zaidi ya kilomita 40. Uzito wa vilivyokusanywa na kuandikwa ulifika kilo 2,800. Kwa desturi ya wataalamu kimondo huitwa kwa jina la mahali kilipopatikana, na hiki kikaitwa Sericho.

Si kimondo cha kawaida. Ni cha aina iitwayo palasiti, kwa kumbukumbu ya Peter Simon Pallas, aliyechunguza kimondo cha namna hiyo huko Siberia mwaka 1772. Ndani yake mna chuma na nikeli, na katikati ya chuma hicho mmejaa fuwele za madini yaitwayo olivini, za rangi ya asali na ya majani machanga. Kikikatwa vipande vyembamba vikasuguliwa na kuinuliwa mbele ya taa, mwanga hupenya katika zile fuwele kama katika madirisha madogo. Umri wake hauko mbali na miaka bilioni 4.5, yaani ulikuwako karibu tangu jua letu lilipoanza kuwaka. Vitu vyenye uzuri na umri huo hutafutwa na watu wenye fedha. Wanunuzi walikuja, mawe yakapakiwa, yakaenda ng'ambo, yakakatwa. Leo kipande cha Sericho hununuliwa katika miji ambayo watu wake hawajui kama Sericho ni jina la mahali au la mtu.

Wapo wanaosema tuliibiwa. Mimi sikubali upesi. Naijua habari ya wizi wa kweli: Wamijikenda wa pwani husimamisha vigango, nguzo za mti zilizochongwa kwa heshima ya wazee waliokufa, na nyingi ziliibwa zikauzwa hata zikafika katika makumbusho ya Marekani. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 kutoka katika boma la familia moja vilirudishwa mwaka 2007. Hapo haki ni nyepesi kuiona: aliyeweka nguzo hakuiuza, na roho ya mzee haina bei. Lakini jiwe la Sericho halikuwekwa na mtu. Walioliona waliliuza wenyewe, katika nchi ambayo ukame mmoja waweza kumfanya mwenye ngamia thelathini kuwa mwenye ngamia watatu. Nani atamlaumu baba aliyebadili jiwe kwa karo ya mtoto? Hakuna mwizi katika hadithi hii, na kwa sababu hiyo sijui nimkasirikie nani.

Hata hivyo, nimesikia habari za Mbozi, kusini magharibi ya Tanzania. Kipo huko kimondo cha chuma chenye uzito wa zaidi ya tani 10. Kilijulikana kwa wageni mwaka 1930, serikali ikakilinda mwaka 1967, nacho kipo pale pale kilipoanguka. Mkulima wa Mbozi aweza kumpeleka mtoto wake siku ya mapumziko, akaweka mkono wake juu ya kitu kilichotoka mbinguni, kisha wakarudi nyumbani kula. Sitamani kilo zote 2,800 zirudi. Natamani jiwe moja, la kiasi cha kukaliwa na watoto wawili.

Niliporudi kazini nilimwomba fundi atutengenezee kabati lenye kioo katika darasa la kidato cha pili, nikawaambia wanafunzi walete kitu kimoja kutoka nyumbani pamoja na maelezo ya mtu akijuaye. Sharti la maelezo lilikuwa kubwa kuliko la kitu. Zikaja kengele za mti za ngamia, kitara cha kufunika maziwa, fimbo za wazee, redio iliyokufa, hati ya zamani ya ruhusa ya kusafiri iliyokunjwa mara nane. Msichana mmoja alileta gorfa, akaeleza kwamba mama yake ameiazima kwa masharti: kila Ijumaa irudi nyumbani itiwe maziwa, na Jumatatu asubuhi iletwe tena. Tulikubali. Akko aliposikia alisema mama huyo ana akili.

Mvulana mmoja alileta kitu kilichofungwa katika kipande cha shuka. Kilikuwa kidogo kama ngumi ya mtoto, cheusi, chenye kutu upande mmoja. Tulileta sumaku kutoka katika chumba cha sayansi, ikaruka ikakishika. Darasa zima lilinyamaza. Kilipita mkono kwa mkono, kila mtu akistaajabia uzito wake, na mimi nilipokishika mara ya kwanza katika maisha yangu niliona kwamba kina baridi, ingawa siku ilikuwa ya jua kali. Tulikiweka katika rafu ya juu, mbele ya gorfa.

Kikakaa siku nne. Siku ya tano mvulana alikuja kabla ya kengele ya asubuhi, akasema baba yake anakitaka, kwa sababu amesikia kwamba mnunuzi amefika Garba Tula. Nilimwuliza kama yeye mwenyewe angependa kibaki. Alitazama chini, akajibu, "Mwalimu, ngamia wetu wamebaki wanne." Nilifungua kabati nikampa. Alikuwa na kile kipande cha shuka mfukoni, akakifunga vizuri, akatoka. Sumaku ilibaki katika rafu, na karatasi ya maelezo chini yake, kwa mwandiko wa mvulana yule: kiliokotwa na babu, akitafuta ngamia.